Kijana Aliyekuwa Kabaka

Mwanga alikuwa na umri wa miaka 16 hivi baba yake, Mutesa wa Kwanza, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alipofariki Oktoba 1884. Wengi wenu mnaonisikiliza mna umri huohuo. Hebu jitieni katika nafasi yake. Jana ulikuwa mmoja tu wa watoto wengi wa ikulu; leo wazee wenye mvi wanalala kifudifudi mbele yako, na neno lako moja linatosha kumwondoa mtu duniani. Wamisionari wa Kiingereza wanakuvuta huku, mapadri wa Kifaransa kule, Waislamu waliokuja na biashara ya pwani nao wana lao, na walinzi wa dini ya mababu wanakutazama kwa jicho kali. Kila kundi lina wafuasi ndani ya nyumba yako. Kutoka pwani zinakuja habari kwamba Wajerumani wanajitwalia nchi. Na wazee hawaachi kukumbusha kwamba atakayeimeza Buganda atatokea mashariki.

Oktoba 1885 akatokea mtu mashariki, kwa njia ya Busoga. Aliitwa Askofu James Hannington. Mwanga akaagiza auawe, na akauawa.

Ikuluni mtu mmoja alithubutu kumwambia Kabaka kwamba amekosea: Joseph Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wahudumu, aliyekuwa amemtumikia Mutesa pia. Alimkumbusha kwamba baba yake hakuwaua wageni namna hiyo. Tarehe 15 Novemba 1885 naye akauawa. Masimulizi yanasema alimtumia Kabaka salamu za msamaha kupitia kwa mnyongaji, pamoja na ombi kwamba atubu. Wanangu, shikeni tarehe hiyo. Mambo mengi yaliyofuata yalianzia hapo, sauti ile ilipozimwa.

Sasa njooni tushuke kutoka kilima hiki cha Makindye, tupite Kabalagala, Kansanga na Bunga, tufike Munyonyo kwenye ufuko wa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria. Leo kuna kanisa na mahali pa hija. Mei 1886 palikuwa na ikulu ya Mwanga. Siku moja alirudi kutoka ziwani kuwinda viboko, amekasirika. Akawaita wahudumu wake, hawakuonekana haraka. Akagundua kwamba kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini ya Kikristo Mwafu, mtoto wa Katikkiro, yaani waziri mkuu. Mwanga akamchoma Ssebuggwawo kwa mkuki kwa mkono wake mwenyewe. Wala hakuishia hapo. Wahudumu wengine Wakristo walihukumiwa na kutembezwa kwa miguu kutoka Munyonyo hadi Namugongo, na tarehe 3 Juni 1886 Charles Lwanga na wenzake wakachomwa moto. Kati ya 1885 na 1887 waliouawa kwa ajili ya imani, wanaokumbukwa kwa majina, ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Mtaniuliza: je, kijana yule alizaliwa na moyo wa chui? Mimi nakataa, na ili nieleze kwa nini, lazima niwapeleke Mlima Elgon.

Mwishoni mwa 1925 daktari mmoja wa magonjwa ya akili kutoka Uswisi, Carl Gustav Jung, alishuka Mombasa, akapanda bara na kupiga kambi kwenye mteremko wa Elgon. Alikuwa na miaka 50, nywele zimeanza kuwa nyeupe, na wenyeji wakamwita mzee. Alizungumza nao kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kamusi mkononi. Wenyeji wale walimweleza kwamba alfajiri hutema mate viganjani na kuyaelekeza kwenye jua linalochomoza. Mchana kutwa, walisema, kila kitu ni chema. Lakini jua likizama, utawala hubadilika: huja ayik, mwenye giza na hofu. Asubuhi wema hurudi. Jung alistaajabu kuona jinsi watu walewale walivyokuwa na imani mbili kwa siku moja bila kuona aibu. Kutoka hapo alipita Mbale hadi Jinja, kisha akaufuata mto Nile kuelekea Misri.

Jung aliandika pia mambo kuhusu Waafrika ambayo mimi siyakubali, kana kwamba sisi tulikuwa bado utotoni mwa dunia. Katika hilo alikosea. Lakini hili la mchana na usiku wa moyo aliliona vizuri. Alifundisha kwamba ndani ya kila mtu kuna sura za kale ambazo hatukuzitunga wenyewe, alizoziita aketaipu, na kwamba kila sura ina kivuli chake. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Robert Moore na Douglas Gillette, walitoa kitabu kuhusu sura nne za mwanamume: Mfalme, Shujaa, Mjuzi na Mpenzi. Wasichana msiondoke, mna kaka na baba, tena sidhani kama hata moja kati ya sura hizo imewapita ninyi.

Mfalme ndani yako ndiye anayepanga mambo, anayebariki, anayefurahi kuona mwingine akisitawi. Kaka mkubwa anayegawa chakula akaanza na wadogo, huyo amekalia kiti chake vizuri. Kivuli chake kina ncha mbili, kama ubao wa bembea wa watoto: upande mmoja amekaa Dhalimu, upande wa pili Mnyonge. Mmoja akipanda mwingine hushuka, lakini ubao ni uleule. Dhalimu huchukia uzuri wa wengine na hawezi kuvumilia kukosolewa, kwa sababu chini yake ameketi Mnyonge anayetetemeka.

Mtazameni Mwanga tena. Aliwalazimisha watu wachimbe ziwa karibu na Mengo, lile tunaloliita Ziwa la Kabaka mpaka leo, na hata machifu wakaona wamedhalilishwa. Mwaka 1888 akapanga kuwapeleka vijana wenye dini za kigeni kisiwani, wafe huko kwa njaa. Wakanusa hila, wakakataa kupanda mitumbwi. Na ghafla yule aliyetisha nchi nzima akawa mkimbizi! Alikimbilia kusini mwa Nalubaale, na waliompa hifadhi huko Bukumbi ni mapadri Wakatoliki, ndugu wa imani wa wale aliowachoma. Hapo ubao wa bembea uligonga chini.

Shujaa naye ni nguvu ya kusimama imara, kujidhibiti, kuvumilia maumivu kwa ajili ya jambo kubwa kuliko wewe. Vijana wanaofanya mazoezi ya ndondi huko Katwe wanaijua nguvu hiyo kila wanapoamka kukimbia kabla ya mapambazuko. Kivuli cha Shujaa ni ukatili: nguvu isiyokuwa na mfalme mwema wa kuitumikia. Hapa sihitaji kwenda mbali. Idi Amin alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda, uzito wa juu mwepesi, kwa miaka mingi kuanzia 1951. Nidhamu ya ulingoni alikuwa nayo. Baada ya kutwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, gereza la polisi wa kijeshi hapa kilimani Makindye likawa mahali ambapo watu waliingizwa na wengi hawakurudi kwao. Mwaka 1975 mwalimu Mwingereza, Denis Hills, alihukumiwa kifo kwa sababu ya muswada wa kitabu alimomwita Amin dhalimu wa kijijini. Kitabu kilikuwa bado hakijatoka! Hills aliachiliwa baada ya waziri wa Uingereza kuja mwenyewe kumchukua. Jiulizeni mtu mwenye vifaru na jeshi zima aliogopa nini katika maneno mawili matatu ya mwalimu.

Ncha ya pili ya kivuli cha Shujaa ni yule asiyejua kusema hapana. Mukajanga, mnyongaji mkuu wa Namugongo, alikuwa na kijana aliyelelewa nyumbani kwake, Mbaga Tuzinde, na kijana huyo alikuwa miongoni mwa waliohukumiwa. Watu wa nyumbani wakambembeleza aikane dini yake au ajifiche. Alikataa. Mukajanga akaitekeleza amri. Kati ya hao wawili, mwenye silaha ni mmoja, lakini shujaa ni yule mwingine.

Mjuzi ni mwenye maarifa anayeyagawa. Ssebuggwawo, kijana anayemkalisha mwenzake chini na kumfundisha dini, alikuwa Mjuzi. Kivuli chake ni mtu anayejua sana na kutumia ujuzi huo kuwasukuma wengine huku yeye amekaa pembeni. Katikkiro wa Mwanga, ambaye naye aliitwa Mukasa, alijua siri zote za ikulu na alijua hofu ya bwana wake ilikaa wapi. Andrew Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka na kipenzi chake. Mwanga hakutaka kumuua. Katikkiro aling'ang'ania mpaka ruhusa ikatoka, na inasimuliwa kwamba aliapa kutokula hadi aletewe mkono wa Kaggwa. Kaggwa aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Mnapoona mwenzenu anamchochea mwingine apigane na yeye mwenyewe hagusi mtu, mnamwona Katikkiro yule.

Kuhusu Mpenzi nitasema machache, maana mtamjua wenyewe bila kufundishwa. Ndiye anayeifanya ngoma ikuingie mwilini, ndiye anayekuliza kwenye msiba wa jirani. Akizidi mipaka hukufunga: chupa haitoki mkononi, au dau la mpira linameza nauli ya shule. Akikauka, hakuna kinachokugusa tena, na hiyo naiona hatari kubwa zaidi.

Moore alishikilia kwamba mvulana hawezi kuzipata sura hizi zikiwa zimekomaa akiwa peke yake; anahitaji watu wazima waliokwisha kupambana na vivuli vyao. Mwanga alikuwa na wazee wengi. Lakini wengi walitaka kitu kutoka kwake, na aliyemwambia ukweli bila kutaka kitu aliuawa miezi sita kabla ya Munyonyo. Ndiyo maana niliwaambia mshike tarehe ile.

Naye hakubaki vilevile. Wafuasi wa dini zilezile alizozitesa walimrudisha kwenye kiti chake, na Julai 1897, Waingereza walipokuwa wamekwisha kuishika nchi, Mwanga aliacha starehe za ikulu akainua silaha dhidi yao. Alishindwa, akavuliwa ufalme, lakini hakuinamisha kichwa. Aliungana na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, ambaye Buganda ilikuwa imepigana naye kwa miaka, na wakaendelea kupambana mpaka walipokamatwa pamoja huko Lango mnamo Aprili 1899. Walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Huko Mwanga alibatizwa akaitwa Danieri, na huko alifariki tarehe 8 Mei 1903. Mifupa yake ililetwa nyumbani mwaka 1910 ikazikwa Kasubi, alikolala Mutesa.

Nimewasikia watu wakigombana kama Mwanga alikuwa muuaji au mpigania uhuru. Anayeniuliza mimi, nampeleka kwanza Munyonyo asimame mahali alipochomwa Ssebuggwawo, kisha ndipo namsimulia habari za Lango, na simruhusu aondoke akiwa amesikia kimoja tu.