Motokari za mashindano za miaka ya 60: juu ya nini bado zinatuvuta?

Kila mara ninapoweka hapa picha ya Ferrari ao ya Ford GT40 ya zamani, swali linarudi lile lile. Mdogo mmoja wa agronomia aliniandikia hivi: «Yaya, weye mutoto ya Kolwezi, unapendaka motokari ya zamani ya bazungu juu ya nini? Kobalti yetu njo inatengeneza motokari ya kesho.» Swali liko na uzito wake, na jibu la mistari miwili halitoshi.

Kwanza tujue tunasema juu ya kitu gani. Hizi hazikuwa motokari za kwenda nazo sokoni. Zilikuwa za viti viwili, zilizoundwa kwa ajili ya mashindano marefu kama Saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa. Madereva wawili wanapokezana usiku na mchana, mvua inyeshe ao jua liwake, na anayepita kilometre nyingi ndio mshindi. Basi mbio peke yake haikutosha. Moteri ilipaswa kufika asubuhi.

Mtu aliyejua jambo hilo kuliko wengine alipitia huku kwetu. Olivier Gendebien, Mbelgiji, baada ya vita ya pili ya dunia alifanya kazi ya misitu Kongo kwa miaka kadhaa, kazi iliyo jirani kabisa na agronomia yetu. Ni huku alikutana na Charles Fraikin, mtu wa rally, wakapatana kushindana pamoja wakirudi Ulaya. Kisha Gendebien akaingia Ferrari, akashinda Le Mans mara nne: 1958, 1960, 1961 na 1962. Hakuna aliyefika mara nne mbele yake. Sifa yake haikuwa ukali: aliendesha kwa ulaini, akiitunza mashine. Mwaka 1962 aliacha mashindano akiwa mzima, bahati ambayo wengi wa kizazi chake hawakuipata.

Sasa tufungue kapo. Ferrari aliyoshinda nayo 1960 ilikuwa na moteri ya litre 3 tu, lakini imegawanywa kwa silinda 12. Juu ya nini 12? Kwa sababu pistoni ndogo ni nyepesi, na kitu chepesi kinaweza kwenda na kurudi haraka zaidi bila kuvunjika. Moteri inazunguka mara nyingi kwa dakika, na kila mzunguko unaongeza nguvu. Hivyo litre 3 zilitoa nguvu ya farasi karibu 300. Juu yake kulikuwa na karburateri sita, kila moja na midomo miwili, mdomo mmoja kwa kila silinda. Ukiangalia unaona njia yote: hewa inaingia hapa, esansi inafyonzwa pale, moto unawaka hapa, moshi unatokea kule. Hakuna kilichofichwa.

Na karburateri haidanganyi juu ya mahali ulipo. Kolwezi tuko juu, zaidi ya metre 1,400, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Matadi. Moteri iliyopangwa kwa hewa ya chini ikifika hapa inakunywa esansi kupita hewa inayopata, inatoa moshi mweusi, inachoka. Mekanisie wa zamani alibadilisha jikleri, kale kadude ka tundu kanakopima esansi, akaweka ya tundu dogo zaidi, kisha akasikiliza. Turnevisi na sikio, paka hivyo. Mimi ninapenda hilo kuliko kelele yote ya Ferrari.

Hata umbo lake lilikuwa na sababu. GT40 iliitwa hivyo juu ya urefu wake kutoka chini, inchi 40, kama metre moja hivi: inakufikia mkandani. Ikiwa chini hivyo, upepo unapata mahali padogo pa kuigonga. Moteri nayo ilihama ndani ya miaka hiyo hiyo. Ferrari ya 1962 ndiyo ilikuwa ya mwisho kushinda Le Mans ikiwa na moteri mbele. Tangu 1963 washindi waliiweka nyuma ya dereva, karibu na katikati. Anayebeba makala kwa kinga anaelewa bila hesabu: mfuko ukining'inia mbali, kinga inakataa kukata kona, ukikaribia katikati, inatii.

Lakini mdogo wangu aliuliza pia juu ya bazungu, na hapo ninakubali kusimama kidogo. Gendebien na mwenzake Paul Frère, Wabelgiji wawili, walishinda tarehe 26 Juni 1960. Siku nne tu mbele ya uhuru wetu. Aliposhinda 1961 na 1962, Katanga ilikuwa imejitenga, askari wa ONU wako huku, na Kolwezi ikabaki ngome ya mwisho ya Tshombe mpaka Januari 1963. Shaba ilikuwa ya Union Minière, mpaka serikali ilipoichukua 1967, na ndipo ikazaliwa kampuni tunayoijua leo kwa jina la Gécamines. Hakuna moteri ya wakati ule iliyowaka bila nyuzi za shaba ndani ya bobini na dinamo. Kobalti nayo haikuwa bado ya motokari za batri. Ilichanganywa na vyuma vingine kupata chuma kisichoogopa moto, na sumaku zenye nguvu. Kwa hiyo ninapoangalia picha hizo siwezi kuona rangi nyekundu peke yake. Lakini kusema hazituhusu, hapana, siwezi.

Wala tusidanganyane kwamba zilikuwa salama. Le Mans ilianza na madereva wakikimbia kwa mguu kuvuka njia, wanaruka ndani, wanaondoka, wengine bila kufunga mkanda. Mwaka 1969 Jacky Ickx alikataa: alitembea polepole, akafunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Katika mzunguko wa kwanza John Woolfe alikufa, hakuwa amefunga. Baada ya saa 24 Ickx na Jackie Oliver walishinda, wakiitangulia Porsche ya Hans Herrmann kwa metre 120 hivi. GT40 yao ilikuwa ile ile iliyoshinda 1968 na Pedro Rodríguez na Lucien Bianchi. Bianchi mwenyewe alikuwa amekufa miezi michache mbele, kwenye majaribio ya Le Mans hapo hapo.

Leo Ferrari 250 GTO, zilizoundwa 36 tu, ni za matajiri: moja iliuzwa dola milioni 48.4 mwaka 2018. Bei hiyo hainiambii kitu. Kinachoniambia kitu ni kwamba bado zinatembea. Kipande kikivunjika, mtu mwenye turu na chuma kizuri anakichonga upya, kwa sababu kila kipande kinaweza kupimwa kwa mkono. Motokari ya leo ordinateri yake ikikufa, mekanisie hodari wa mtaani anabaki anaiangalia. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini kwetu, lakini sisi wenye lisansi, ni wangapi tumeshafungua batri moja tukaona inavyopangwa ndani?

Kwa wenye kutaka kuona, si lazima Le Mans na matatizo yake ya viza. Kenya kuna East African Safari Classic Rally, tangu 2003, ya motokari za zamani. Iko mu nyayo za Safari ile ya kwanza, ambapo mwaka 1963 waliondoka 84 na wakafika 7. Iliyoshinda haikuwa Ferrari: ilikuwa Peugeot 404, motokari ambayo baba zetu waliijua vizuri, ikibeba mifuko ya unga.