Kompyuta ya Dawa: Nani Atabeba Lawama?



Msimu wa kaskazi uliopita nilivuka kwenda kisiwa cha Vamizi, wilaya ya Palma, kuonana na wenzetu wa vyombo vya bahari. Nilikwenda kwa shughuli za chama: kadi, michango, na malalamiko ya ujira. Lakini jambo lililokula muda wetu mwingi barazani halikuwa ujira. Lilikuwa kidonge cha rangi mbili.

Nahodha mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa, siku ya pili. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ndani mna kapsuli nne. Alizinunua dukani ng'ambo, akawa anamfungulia mtoto nusu ya unga asubuhi na nusu jioni. Nikamwuliza, "Nahodha, nani aliyekuambia mtoto anahitaji dawa hii?"

Akanijibu, "Na nani, Katibu, aliyeniambia kuwa haihitaji?"

Nilinyamaza. Mimi mwenyewe, mwaka nilipokatwa na tumbawe mguuni, nilinunua kapsuli sita, nikameza tatu, kidonda kilipokauka juu nikaacha. Baada ya siku kumi mguu ulivimba hata kiatu hakiingii. Nililazwa, nikachomwa sindano asubuhi na jioni, na mwuguzi akanigombeza kama mtoto mdogo. Kwa hiyo sikuwa mtu wa kumhubiria nahodha.

Tuelezane kwanza. Dawa hizi huitwa antibiotiki. Kazi yake ni kuua bakteria. Haziui virusi wa mafua, wala kikohozi cha kawaida hakizijali. Ukizimeza pasipo haja, bakteria wanyonge wanakufa, wale wagumu wanabaki na kuzaana, na siku ya shida ya kweli dawa inapita mwilini kama maji. Wataalamu walikadiria kuwa mwaka 2019 peke yake bakteria sugu waliua moja kwa moja watu kiasi cha milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyoumia zaidi.

Aliye karibu na hospitali kubwa huweza kubadilishiwa dawa ya pili na ya tatu. Mtu wa Vamizi dawa yake ya kwanza mara nyingi ndiyo ya mwisho. Vita iliyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 ilifunga vituo vingi vya afya kaskazini ya Cabo Delgado. Septemba 2020 kisiwa chenyewe kilishambuliwa, nyumba zikachomwa, watu wakakimbia kwa mashua. Machi 2021 ikawa zamu ya mji wa Palma. Katika hali hiyo usimshangae baba anayetembea na hospitali yake mfukoni.

Sasa swali la nahodha lina jibu, na jibu hilo linakuja kwa njia ya kompyuta. Wanachama wetu wa afya wameanza kuniuliza habari zake, wengine kwa hamu, wengine kwa hofu ya kunyang'anywa kazi. Nimetafuta kadiri ya uwezo wangu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Wazo si jipya. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mwanafunzi wa udaktari Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza programu iliyoitwa MYCIN. Ilimwuliza daktari maswali juu ya mgonjwa, kisha ikapendekeza antibiotiki na kiasi chake. Ilipopimwa kwa wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, mapendekezo yake hayakuwa nyuma ya yale ya mabingwa wa chuo. Hata hivyo haikupata kutumika wodini kwa kazi za kila siku. Kompyuta za wakati ule zilikuwa kubwa na nzito kutumia, na swali moja lilikosa jibu: mashine ikikosea, nani atashtakiwa? Baadaye, katika miaka ya 1990, hospitali ya LDS mjini Salt Lake City iliunganisha programu ya namna hiyo na mafaili ya wagonjwa mahututi, na makosa ya kumpa mtu dawa inayomdhuru au dozi iliyozidi yakapungua sana.

Hayo ni ya mbali. La karibu ni la jirani zetu Tanzania. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, wakatafuta kwa makini chanzo cha kila homa. Watoto kiasi cha 70 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa 22 tu, na wengine walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja. Maana yake ni kwamba homa nyingi za watoto haziitaki kapsuli. Lakini tabibu aliye peke yake zahanati, na foleni imefika mlangoni, atawajuaje wale 22?

Mwaka 2021 na 2022, katika mikoa ya Mbeya na Morogoro, Taasisi ya Afya Ifakara na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wataalamu wa Uswisi, walijaribu programu iitwayo ePOCT+. Walichukua vituo vya afya na zahanati 40. Nusu walipewa programu hiyo katika kishikwambi, yaani kompyuta bapa ya kushika mkononi. Nusu wakaendelea kama kawaida. Tabibu anaingiza umri, uzito, joto la mwili, dalili, na idadi ya pumzi kwa dakika. Programu inamwongoza swali kwa swali, inamwambia ni kipimo gani apime, kisha inapendekeza ugonjwa na tiba. Uamuzi unabaki kwake.

Matokeo yake nimeyasoma mara mbili nikihakikisha sikukosea. Mahudhurio ya watoto wagonjwa yaliyohesabiwa yalipita 44,000. Upande wa kawaida, watoto 70 katika kila 100 waliandikiwa antibiotiki. Upande wa kishikwambi walikuwa 23. Na je, walionyimwa kapsuli waliumia? Siku ya saba walifuatwa kuulizwa hali. Ambao tiba haikuwafaa walikuwa karibu 4 katika kila 100, pande zote mbili sawa.

Habari hiyo ni ngao kwa mfanyakazi. Mama akimjia juu mwuguzi, "Umemnyima mwanangu dawa!", mwuguzi ana pa kusimama.

Lakini ndugu zangu, tusome na yale yaliyo chini ya matokeo. Vituo vile havikupewa kishikwambi kitupu. Vilipewa kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu. Vilipewa kipimo cha tone la damu kinachosaidia kupambanua maambukizi makali na madogo, na kipimo cha upungufu wa damu. Wafanyakazi walifundishwa, kisha wakasaidiwa na wasimamizi waliofuatilia kazi yao. Mwajiri atakayeleta kishikwambi peke yake na kusema ameleta mradi wa Mbeya, atakuwa ameleta usukani bila mashua.

Kwetu Msumbiji tumekwisha onja kidogo. Mhudumu wa afya wa kijiji, aliyejulikana kwa miaka mingi kwa herufi APE, ni kazi iliyoanza mwaka 1978, ikafifia wakati wa vita, ikafufuliwa mwaka 2010. Yeye hutibu malaria, kuharisha na kichomi cha watoto, na ndiye anayeshika amoksilini pale ambapo daktari hafiki. Kipimo chake cha kichomi ni kuhesabu pumzi: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifika pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 4 akifika 40, hiyo ni dalili ya kichomi. Wizara ya Afya na shirika la Malaria Consortium waliwapa baadhi yao simu yenye programu iitwayo upSCALE inayowaongoza hatua kwa hatua. Ilianza Inhambane, na Cabo Delgado ikafuata.

Simu ile ni nzuri, wala siipingi. Ila huyo aliyepewa simu, kwa miaka mingi posho yake ilikuwa metikali 1,200 kwa mwezi. Hata mshahara haukuitwa. Tukamwekea mikononi uamuzi wa nani apewe antibiotiki na nani asipewe, na chaji ya simu atafute mwenyewe kwenye sola ya jirani kama ya kituo imekufa! Mwaka 2023, na tena 2024, wafanyakazi wa afya wa Msumbiji waligoma. Katika madai yao, pamoja na malipo, walidai dawa na vifaa viwepo hospitalini. Walikuwa na haki. Programu ikisema "mpe amoksilini" na rafu ni tupu, mzazi hataigombeza programu.

Kuna jambo jingine ambalo sikulisikia likisemwa vya kutosha. Kishikwambi kinaandika kila kitu: nani alitibu, saa ngapi, alikubali ushauri au aliukataa. Kwa mafunzo, kumbukumbu hizo ni mali. Kwa mkubwa mwenye kisirani, ni fimbo. Mwuguzi wa miaka ishirini kazini humtazama mtoto machoni akajua kitu ambacho skrini haikukiuliza. Akienda kinyume na mashine kwa sababu hiyo, asiitwe ofisini kesho yake kama mwizi. Na akiifuata mashine kwa uaminifu, mtoto akazidiwa, asiachwe peke yake mbele ya familia. Yote mawili yaandikwe katika mkataba kabla kifaa hakijafunguliwa boksi. Swali lililowashinda watu wa Stanford halitajibiwa na mwuguzi mmoja wa Palma usiku wa manane.

Nahodha yule tulimshauri asisubiri. Alfajiri alimvusha mtoto pamoja na mama yake, kapsuli tatu zilizobaki zikiwa zimo ndani ya karatasi ili zionwe na mwuguzi. Mtoto alipimwa, akakutwa na malaria. Kapsuli zilikuwa hazina kazi hata moja.

Matawi yote yenye wanachama katika zahanati na vituo vya afya, naomba mniletee kabla ya mwisho wa mwezi ujao karatasi yenye mambo haya: mna vipimajoto vingapi vinavyofanya kazi, mna kipimo cha oksijeni au hamna, umeme unapatikana saa ngapi kwa siku, ni siku ngapi mwaka huu mmekosa amoksilini, na mtu mmoja anaona wagonjwa wangapi kwa siku. Atakayeshindwa kuandika, aniletee kwa mdomo kupitia manahodha, mimi nitaandika.