Uvimbe wa Shingo Usiopungua

Mtu akishikwa na mafua, au jino lake likioza, matezi ya shingoni huvimba na kuuma yakibonyezwa. Hilo si jambo la kutisha, kwa kuwa matezi ni walinzi wa mwili, nayo hunywea ugonjwa ukiisha. Lakini uvimbe ukikaa zaidi ya majuma mawili au matatu bila kupungua, mwenyewe yampasa auonyeshe, hata kama hauumi. Wengi hudanganywa na kule kutouma.

Katika Afrika ya Mashariki sababu moja ya kawaida ni kifua kikuu cha matezi. Watu hushangaa, maana mgonjwa hakohoi. Lakini vidudu vile alivyovitangaza Robert Koch huko Berlin mwaka 1882 huweza kukaa mahali pengine mbali na mapafu. Matezi huvimba moja baada ya jingine, hushikamana, na mwisho huweza kupasuka yakatoa usaha kwa muda mrefu. Ikiwa mapafu ni mazima, mgonjwa hawaambukizi watu wa nyumbani. Basi kumtengea kikombe ni kumwonea bure.

Uvimbe wa mbele ya koo, upandao na kushuka mtu amezapo mate, mara nyingi ni rovu. Ulio mgumu, usiosogea, au ulio juu ya mtulinga, huenda ukawa saratani.

Macho peke yake hayatoshi kutofautisha. Daktari huingiza sindano nyembamba, akavuta chembe kidogo zikapimwe. Kikionekana kifua kikuu, dawa humezwa kila siku, kwa kawaida miezi 6, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali nchini Kenya. Dawa hizo huufanya mkojo uwe mwekundu, na pengine matezi huvimba zaidi kabla ya kupona. Wengine huogopa wakaziacha, na hilo ni kosa kubwa. Yafaa warudi kumwuliza aliyewapa.

Taabu iliyo kubwa ni kungoja. Mtu wa Turkana au Tana River huandikiwa barua ya kwenda kwa daktari bingwa mbali na kwao, na siku aliyopewa huwa ni ya miezi ijayo. Muda huo asikubali kuchanjwa chale wala kuchomwa moto shingoni, wala asinunue vidonge vya dukani kila mara. Na aulize zahanatini kama vipimo vya kifua kikuu na vya virusi vya UKIMWI vyaweza kufanywa papo hapo, kwani havina haja ya kumngoja bingwa.

Akishindwa kupumua au kumeza, aende hospitali siku ile ile. Akipata homa, jasho jingi la usiku au kukonda, arudi zahanatini kuomba siku yake isogezwe mbele. Kila Jumapili akate uzi ulio sawa na upana wa uvimbe, aufunge kikaratasi chenye tarehe, auweke katika bahasha pamoja na barua yake. Nyuzi nne zenye urefu mbalimbali humweleza daktari mambo ambayo mgonjwa huyasahau akiisha kuketi mbele yake.