Barakoa ya mazoezi haitageuza Matungu kuwa Iten

HUENDA wewe msomaji unaishi mjini, lakini kwenu ni Matungu, kaunti ya Kakamega, na mpwa wako anayesoma huko hukimbia mbio za mita 5,000 za shule. Siku moja anakupigia simu akiomba umnunulie barakoa ya mazoezi, ile nyeusi ya mpira yenye vali ndogo mbele ya mdomo. Ameambiwa kwamba akiivaa atapata nguvu kama za wanariadha wa Iten bila kupanda gari kwenda huko. Kabla hujatoa pesa hizo, ni vyema ujue kifaa hicho hufanya kazi gani, na ni kazi gani kisichoiweza.

Matungu ni nchi ya miwa, jirani ya Mumias, na iko kwenye kimo cha mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Iten iko kwenye mita 2,400 hivi. Watu wengi hudhani kwamba hewa ya huko juu imechanganyika kwa namna nyingine. Sivyo. Uwe Mombasa, Matungu au Iten, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa unayovuta. Kinachopungua kadiri unavyopanda ni mgandamizo wa hewa yote. Iten mgandamizo huo ni karibu robo tatu ya ule wa Mombasa, na kwa hivyo kila pumzi hupeleka oksijeni kidogo zaidi katika damu.

Figo ndizo hutambua upungufu huo. Hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi za damu. Lakini jambo hili halitokei kwa saa moja ya mazoezi. Mtu sharti aishi huko juu, ale na alale huko, kwa muda wa wiki tatu au nne. Dunia iliona uzito wa jambo hili katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 huko Mexico, mji ulio kwenye mita 2,240. Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500, Naftali Temu mita 10,000, naye Amos Biwott mbio za kuruka maji na viunzi. Hao walikuwa wamezoea kuishi na kukimbia kwenye nyanda za juu.

Barakoa hubana nini?

Barakoa ya mazoezi haipunguzi mgandamizo wa hewa kama mlima ufanyavyo. Inachofanya ni kuziba njia, ili hewa ipite kwa shida, na kukurudishia sehemu ya hewa chafu uliyoitoa. Utahema, utaumia, na utadhani kwamba mlima umekuja kwako, kumbe figo zako hazijapata habari yoyote.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-La Crosse, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la watu 24 waliofanya mazoezi makali ya baiskeli kwa wiki sita. Nusu yao walivaa barakoa. Makundi yote mawili yaliongeza uwezo wa kutumia oksijeni, na hakukuwa na tofauti ya maana baina yao. Waliovaa barakoa walionyesha nafuu kidogo katika kuhimili kasi kabla ya kuanza kuhema sana, lakini damu yao haikubadilika, wala mapafu yao hayakubadilika. Kilichowasaidia zaidi ni jasho lao.

Ziko pia plasta ndogo zinazobandikwa juu ya pua. Plasta hizi hupanua matundu ya pua, na mwenye pua iliyoziba huweza kupata nafuu, hasa akilala. Lakini mkimbiaji anapoongeza kasi, mdomo hufunguka wenyewe na pua huwa njia ya pembeni tu. Kwa mtu mwenye afya, plasta haipunguzi hata sekunde moja ya kutegemewa.

Kifaa cha tatu ni cha kuzoeza misuli ya pumzi. Mtu huweka mdomo kwenye kifaa na kuvuta hewa dhidi ya springi, kwa kawaida mara 30 asubuhi na mara 30 jioni. Hiki kina mantiki zaidi. Ukikimbia kwa nguvu zako zote, misuli ya kifua pamoja na kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu, huweza kutumia asilimia 10 hadi 15 ya oksijeni ya mwili. Misuli hiyo ikichoka, mwili hupunguza damu iendayo miguuni ili kuilinda. Majaribio mengi yameonyesha kwamba kuizoeza huleta faida, lakini ni faida ndogo, na huonekana zaidi kwa asiye mkimbiaji hodari.

Sababu ya haya yote ni moja. Mtu mwenye afya akiwa ameketi huvuta lita tano au sita za hewa kwa dakika. Akikimbia mbio kali huvuka lita 100. Mapafu yanaimudu kazi hiyo. Kwa wengi wetu kinachoweka mpaka ni moyo unaosukuma damu na misuli ya miguu inayotumia oksijeni. Hakuna barakoa inayoweza kufanya kazi ya miezi ya mazoezi.

Kifua kinachopiga filimbi

Lakini yuko mkimbiaji mmoja ambaye kifaa cha pumzi hubadilisha maisha yake. Huyu ni mwenye pumu. Swali la kumuuliza mpwa wako basi si barakoa ya bei gani, bali ni hili: ukimaliza kukimbia, kifua chako hufanyaje?

Kuhema kwa kawaida hutulia dakika chache baada ya kusimama. Pumu inayoletwa na mazoezi huenda kinyume: mara nyingi huzidi dakika tano hadi kumi baada ya kusimama. Kifua hubana, hupiga filimbi, na kikohozi kikavu hakiishi. Ukiongeza kikohozi cha usiku au cha alfajiri, usingoje tena. Mpeleke hospitali apulize kwenye kipimo cha nguvu ya pumzi, kabla na baada ya kukimbia. Mtoto wa namna hii akivalishwa barakoa ya kubana hewa, anaongezewa mzigo juu ya mzigo, na huenda akazidiwa akiwa peke yake njiani.

Vijijini mtoto huyu mara nyingi huitwa mvivu. Mwalimu humwondoa katika timu, na mama humkataza kucheza. Humo nyumbani moshi wa kuni hujaa jikoni, na nje kuna vumbi la pikipiki au moshi wa shamba la miwa linaloungua. Yote haya huchokoza njia za hewa. Akimbie mbali na moshi na vumbi, na apashe mwili joto polepole kabla ya kukimbia.

Dawa zipo. Pampu ya salbutamol, ambayo wengi huiita inhela, hufungua njia za hewa, na daktari huweza kumshauri aivute dakika 10 hadi 15 kabla ya mazoezi. Lakini mwenye pumu asitegemee pampu hiyo peke yake. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasema mgonjwa apate pia dawa ya kuvuta ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, ambayo hutuliza uvimbe wenyewe ndani ya njia za hewa.

Mtoto akishindwa kuvuta pampu vizuri, dawa huishia ulimini. Hapa chupa tupu ya plastiki ya nusu lita ni msaada mkubwa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa kama hiyo, ikizibwa vizuri pale pampu inapoingia, iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na kifaa cha kununua. Kikombe cha plastiki laini hakikufaa. Ioshe chupa kwa sabuni ya maji na uiache ikauke bila kuifuta. Toboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu, uichomeke, kisha uzibe ukingo hewa isipenye. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, na mtoto avute pumzi polepole mara tano kupitia shingo ya chupa. Muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza.

Mkimbiaji ajihadhari na jambo moja zaidi. Salbutamol ya kuvuta inaruhusiwa michezoni, mradi isizidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24, wala 600 kwa saa nane. Salbutamol ya vidonge au ya maji ya kunywa, ambayo huuzwa madukani kama dawa ya kifua, imepigwa marufuku. Kijana anayeanza kushiriki mashindano makubwa amweleze daktari kwamba yeye ni mwanariadha, na aulize ADAK, shirika linalopambana na dawa haramu michezoni hapa Kenya, kabla ya kumeza chochote.

Na mwalimu anayedhani kwamba mwenye pumu hawezi mbio ndefu amkumbuke Paula Radcliffe wa Uingereza. Mama huyu ana pumu tangu ujana wake na hutumia dawa za kuvuta. Mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia iliyodumu hadi Mkenya Brigid Kosgei alipoivunja Chicago mwaka 2019. Mtoto anayekohoa baada ya mbio apelekwe kupimwa kwanza. Akishapata dawa, arudishwe katika timu.