Maharage yananyauka kuanzia juu? Tatizo ni jeni, siyo mbegu feki



Msimu uliopita kijana mmoja alinitumia picha WhatsApp. Maharage ekari 2, yananyauka. "Afisa, nimeuziwa mbegu feki?"

Nikaenda shambani. Mnyauko wa fusari huanzia majani ya chini, huu ulianzia kwenye ncha. Nikapasua shina, mishipa ya ndani ilikuwa myeusi. Dalili za mzizi mweusi hizo. Na huo ugonjwa hushika mbegu yenye kinga!

Iko hivi. Maharage mengi yaliyoboreshwa yana jeni inayoitwa I. Inazuia vizuri virusi vya batobato vya BCMV. Lakini Afrika Mashariki tuna pia ndugu yao, BCMNV, wanaosambazwa na vidukari. Wakiingia kwenye mmea wenye I peke yake, kinga inapitiliza: seli zinajiua kuwafuata virusi mpaka mmea mzima unakufa. Ukishafika hapo, hakuna dawa ya kuponya.

Ndiyo maana watafiti wanaongeza jeni ya pili, bc-3. Shida yake, inafanya kazi pale tu mmea ukiirithi kwa wazazi wote wawili. Ukiirithi kwa mmoja, kwa macho huoni tofauti. Tena bc-3 ikishakamilika, inaficha kama I ipo au haipo.

Hapo ndipo kompyuta inaokoa misimu. Ramani ya vinasaba vya maharage ilichapishwa mwaka 2014 na inapatikana bure mtandaoni, kwa mfano Phytozome. Mtafiti anaona I ipo kromosomu ya 2 na bc-3 ya 6. Kwa programu ya BLAST anahakikisha kipimo chake kinashika sehemu hiyo tu. Kisha anachukua kipande cha jani la mche, anapima maabara, na anajua upi una jeni zote mbili kabla haujatoa hata ua.

Na hii siyo GMO. Ni kuchavusha maharage kwa maharage kama kawaida. Kipimo kinasaidia kuchagua tu.

Sasa wewe ufanye nini?

- Kabla ya kununua, uliza: "Mbegu hii inahimili BCMNV, au batobato ya kawaida tu?" Muuzaji asipojua, muulize afisa ugani wako au kituo cha utafiti.
- Nunua mbegu iliyothibitishwa. Virusi vya batobato hukaa pia ndani ya mbegu.
- Ng'oa mimea yenye dalili mapema. Palilia na mikunde pori kingo za shamba, huko BCMNV hujificha.
- Piga picha, andika aina ya mbegu na tarehe, tuletee. Mtafiti hawezi kutafuta jeni ya ugonjwa ambao haujaripotiwa.

Yule kijana ameniambia safari hii ataanza na swali, ndipo atoe hela. Na wewe anza hivyo hivyo.

Tukutane shambani.