Bastola ya 'mfano' si kichezeo: Tofauti inayofaa kujulikana mitaani

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, wakazi wengi walilelewa na filamu za kauboi zilizoonyeshwa katika kumbi za sinema na baadaye katika mabanda ya video. Watoto nao wamekuwa wakichonga bastola za mbao na kuigiza mapambano ya polisi na majambazi.

Hata hivyo, jina 'bastola ya mfano' hubeba maana mbili, na asiyezitenganisha huenda akajikuta gerezani au kaburini.

Maana ya kwanza ni kichezeo cha mbao au plastiki kisichoweza kufyatua risasi. Ya pili ni silaha kamili, iliyoundwa katika miaka ya karibuni kwa kufuata umbo la bastola za kale. Hiyo ya pili ndiyo hutumiwa Marekani na Ulaya katika mchezo wa kulenga shabaha kwa mtindo wa kauboi.

Chanzo chake ni karne ya 19. Bastola za wakati huo zilijazwa baruti na risasi kando kando, kazi iliyochukua muda. Mnamo 1855, Mmarekani Rollin White alipata hataza ya silinda iliyotobolewa hadi nyuma ili kupokea risasi iliyo tayari ndani ya ganda lake. Kampuni ya Smith & Wesson ilipata haki ya kuitumia, na washindani wakalazimika kusubiri hadi 1869 hataza ilipokwisha.

Hapo ndipo kampuni ya Colt, iliyokuwa na shehena ya vipuri vya zamani, ilipoanza kuzigeuza bastola za baruti ili zitumie risasi za ganda. Mwaka wa 1873 ilitoa bastola mpya kabisa, na zile zilizogeuzwa zikapitwa na wakati.

Filamu ndizo zilizozifufua. Katika The Good, the Bad and the Ugly ya 1966, Clint Eastwood anabeba bastola ya aina hiyo, ingawa kisa kinatokea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kabla Colt haijaanza kuzigeuza. Viwanda vya Italia kama vile Uberti, kilichoanzishwa 1959, huunda mifano yake hadi leo.

Mchezo wenyewe una chama chake, Single Action Shooting Society, kilichoanzishwa Marekani mnamo 1987. Mshindani hutumia bastola mbili, bunduki ya mtindo wa kale na gobori la marisau, huku akivalia kama kauboi.

Kuchagua bastola hizo kunahitaji uangalifu. Nyingi hazina upau wa chuma juu ya silinda, na mtutu hushikiliwa na kabari tu. Kwa sababu hiyo hutumia risasi za nguvu ndogo. Kanuni za mchezo huo zinataka risasi za bastola ziwe za madini ya risasi, zisizozidi kasi ya futi 1,000 kwa sekunde.

Fundi huweza kulainisha vyuma vinavyosuguana na kuweka springi nyepesi ili nyundo ivutike kwa urahisi. Springi ikiwa dhaifu kupita kiasi, nyundo haipigi kwa nguvu ya kutosha na risasi hailipuki. Isitoshe, bastola yenye matundu sita hujazwa risasi tano pekee, nyundo ikaachwa juu ya tundu tupu ili isifyatuke ikianguka.

Nchini Kenya, silaha ya namna hiyo ni bastola kama nyingine yoyote. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenyewe awe na cheti, na kuiingiza nchini kunahitaji kibali. Kuunda au kukarabati silaha ni kazi ya wafanyabiashara waliosajiliwa. Kijana anayejaribu kukigeuza kichezeo kifyatue risasi kwenye kibanda chake basi hafanyi ufundi wa jua kali, bali anatenda uhalifu.

Kichezeo chenyewe nacho hakimwokoi mhalifu. Sheria hiyo huadhibu kutumia silaha bandia kutenda kosa sawa na silaha halisi. Aidha, chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, majambazi wawili au zaidi wakiiba kwa nguvu au vitisho wanaweza kushtakiwa kwa wizi wa mabavu hata kama bastola yao ni ya plastiki. Adhabu iliyowekwa ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu 1987.

Hatari iliyo karibu zaidi iko barabarani. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inamruhusu afisa kufyatua risasi ili kuokoa maisha yake au ya mtu mwingine anapokabiliwa na tishio la papo hapo, na kifo kinachotokea lazima kiripotiwe kwa mamlaka huru ya kuchunguza utendakazi wa polisi, IPOA. Uchunguzi huo huenda ukabaini kuwa bastola ilikuwa ya mbao. Lakini gizani, katika kichochoro, anayeelekezewa mtutu hana muda wa kuuliza umetengenezwa kwa nini.