Mlango wa Berkeley Ulipobanwa, Nani Alipungukiwa?

Nafundisha uchumi kidato cha sita. Kila mwaka, mada ya upendeleo maalumu katika udahili ikifika, hakosi wa kunyoosha mkono: “Mwalimu, si mnamuumiza huyo huyo mnayemsaidia? Kaingia kwa alama za chini, atazama. Heri angekwenda chuo cha saizi yake.” Wengine huitaja Makerere, ambako mwaka 1990 wasichana walianza kuongezewa pointi 1.5.

Hoja hiyo siidharau. Wako maprofesa wa Marekani waliojijengea jina kwayo. Ila inapimika, na California iliipima bila kukusudia.

Novemba 1996 wapigakura wa jimbo hilo walipitisha Pendekezo namba 209, lililovizuia vyuo vya umma kuangalia rangi ya mwombaji. Kwa Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi kadhaa zikiwemo Berkeley na Los Angeles, lilianza kuuma kwa walioingia 1998. Berkeley, kiwango cha weusi, Walatino na Wahindi Wekundu miongoni mwa waliokubaliwa kiliporomoka kwa zaidi ya nusu mwaka huo huo.

Kwa mtu wa fani yangu hiyo ni zawadi. Chukua vijana wawili wa Kilatino wenye alama zilezile: mmoja kamaliza sekondari kabla ya sheria, mwingine baada. Kilichowatenganisha ni kalenda tu. Na ukihofia kwamba huenda ajira zenyewe zilibadilika, unawalinganisha na wazungu na Waasia wa miaka hiyohiyo.

Mwanauchumi Zachary Bleemer alifanya hivyo. Alikusanya kumbukumbu za walioomba chuo hicho kati ya 1994 na 2002, akaziunganisha na taarifa za mishahara yao ukubwani. Matokeo yalichapishwa 2022. Kama mwanafunzi wangu angekuwa sahihi, waliosukumwa kwenda vyuo vya “saizi yao” wangenawiri. Haikuwa hivyo. Wachache zaidi walipata shahada, wachache zaidi walihitimu sayansi na uhandisi, na kati ya umri wa miaka 24 na 34 mishahara yao ilikuwa chini kwa takriban asilimia 5 kila mwaka. Maelfu wengine wenye sifa hawakujisumbua hata kuomba.

Nakiri, pengo la mishahara lilikuwa la Walatino hasa. Kwa weusi halikujitokeza wazi. Mwalimu anayeficha hilo anahubiri, hafundishi.

Linalonivutia zaidi ni upande wa pili. Nafasi hazikubaki wazi. Zilichukuliwa na wazungu na Waasia. Je, wao walinufaika kwa kiasi kilekile? Bleemer aliona faida yao ni ndogo kuliko hasara ya walioachwa. Si ajabu sana: kijana ambaye nyumbani wanajua njia za kupata kazi nzuri huzipata hata akisoma kwingine.

Hapo darasa huhamia kwenye haki, na mimi huacha wabishane. Mishahara haimjibu mtoto wa mhamiaji maskini kutoka Asia aliyenyimwa nafasi akiwa na alama za juu. Mwaka 2020 Wakalifornia waliulizwa upya kama waiondoe sheria ile, wakakataa. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaueneza mkondo huo kwa nchi nzima, Harvard ikiwemo. Waliodahiliwa chini ya hukumu hiyo bado hawajafika umri ambao Bleemer aliwapima wenzao.